Bibi hakuwa na cheo chochote kanisani, wasifu wake niandike nini?

Novemba hii sanduku la maswali limejaa mabibi. Sijui ni kwa sababu ni mwezi wa marehemu au ni mvua za kwanza zinazofanya mtu akae ndani akumbuke. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa, mengine nimeyajibu kifupi, msininunie.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mjukuu, naandika kutoka Mafinga. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwezi wa tisa tukamzika kijijini, upande wa Kalenga huko Iringa. Arobaini imeshapita, sasa ukoo umeamua tutengeneze kijitabu cha kumkumbuka kabla ya Krismasi watu wakiwa wamerudi nyumbani, na mimi kwa vile nilifika chuo basi nikaangushiwa hiyo kazi. Shida yangu ni hii. Wasifu uliosomwa msibani ulikuwa nusu ukurasa, alizaliwa, akaolewa, akazaa watoto tisa, kaacha wajukuu na vitukuu, akaugua, Bwana alitoa Bwana ametwaa. Bibi alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, Legio ya Maria, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), jumuiya, kufagia kigango, kuzungukia wagonjwa, lakini hakuwahi kuwa mwenyekiti wala katibu wa kitu chochote, sasa nikikaa kuandika naishia mistari mitano. Halafu mjomba mkubwa anasema bibi alikuwa na miaka 104, kitambulisho cha taifa kinasema 1935, bibi mwenyewe alikuwa anasema tu "kichwa cha Mkwawa kinarudi mimi nimembeba mama yenu mkubwa mgongoni, ndo mtoto wangu wa kwanza". Huyo huyo mjomba hataki tuandike kwamba bibi aliuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, eti tutamchafua mtu wa Mungu. Na mpaka leo kamnunia paroko kwa kumkatisha asisome wasifu wakati wa Misa. Nianzie wapi Anti?
Mjukuu, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Tuanze na umri maana ndo rahisi. Fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, lilirudishwa Kalenga kutoka Ujerumani tarehe 19 Juni 1954, gavana wa Kiingereza wakati huo, Twining, ndiye aliyelikabidhi, hiyo tarehe inajulikana haina ubishi. Sasa piga hesabu. Miaka 104 ina maana bibi alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo siku hiyo angekuwa mama wa miaka thelathini na kitu akiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Kwa Uhehe ya wakati ule, mwanangu, binti angefika umri huo bila mtoto wazee wangekuwa wameshakaa vikao vitatu. Lakini kama ni 1935, ana miaka kumi na tisa, mtoto wa kwanza, inakaa sawa kabisa. Mjomba anataka 104 kwa sababu inasikika vizuri kwenye spika. Tisini si haba!

Usiniamini mimi lakini, nenda Tosamaganga, ile misheni ya zamani, au parokia yoyote aliyobatizwa. Kitabu cha ubatizo kinaandika tarehe ya kuzaliwa, ya kubatizwa, jina la baba na mama, wasimamizi, na pembeni baadaye wanaongeza kipaimara na ndoa, hiyo ni sheria ya Kanisa, kanuni ya 535 na ya 877. Parokia ikigawanywa vitabu vya zamani kwa kawaida hubaki parokia mama, kwa hiyo usiende kwenye parokia mpya ya juzi ukarudi unasema hayupo. Wamisionari wa Consolata walifika Iringa mwaka 1919, baada ya vita kuwaondoa Wabenediktini Wajerumani, na enzi hizo vitabu viliandikwa Kilatini, usiogope, ukikuta nata ni alizaliwa, baptizata ni alibatizwa, patrini ni wasimamizi. Angalia kitu kimoja tu. Kama alibatizwa mchanga, tarehe ya kuzaliwa iamini. Kama aliingia ukatekumeni, yaani mafundisho ya ubatizo, akiwa binti mkubwa, padre alimtazama usoni akakadiria, hapo andika "yapata 1935" na maisha yaendelee.

Sasa hiyo mistari mitano. Hapa naomba nikusimulie langu kwanza, maana nilikosea kabla yako.

Bibi yangu alikuwa Mbena aliyeolewa Uhehe, naye Legio, naye hana cheo. Alipofariki nikaandika wasifu kama wenu, mzuri tu, nikausoma kwa sauti ya redio watu wakanisifia. Siku ya tatu baada ya maziko tumekaa tunachambua maharage akaja baba mmoja na baiskeli, hatumjui, kasimama pale kwenye mlango wa jiko, kofia mkononi. Kamwene, kamwene, tukasalimiana. Akauliza, "Samahani, Ijumaa nani atakuja?" Tukaangaliana. Ijumaa gani? Kumbe bibi kila Ijumaa, kwa miaka sijui mingapi, alikuwa anapanda kile kilima na pakiti ya chumvi na kipande cha sabuni ya mche kwenda kwa mzee kipofu, baba yake na yule wa baiskeli, anamfulia, anamsalisha Rozari, anarudi. Sisi wenye nyumba tulijua Ijumaa bibi anaenda "kwenye mambo yake". Na wasifu ulikuwa umeshasomwa, umeshakunjwa, umeshawekwa kwenye Biblia.

Kwa hiyo mwanangu tatizo lako si kwamba bibi hana historia, tatizo ni kwamba umewauliza ndugu. Ndugu wanajua alizaa wangapi. Toka hapo nyumbani na daftari, zunguka kijiji, na usiulize "mnamkumbukaje bibi", ukiuliza hivyo utaambiwa alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu, yaani maneno ambayo yanaweza kuwekwa kwenye msiba wowote. Uliza alikuwa anakuja kwenu siku gani? Akija alikuwa kashika nini mkononi? Aliondoka saa ngapi, alipita njia ipi? Mtu akishajibu siku na kitu cha mkononi, hadithi inakuja yenyewe huna haja ya kuivuta.

Halafu kuna hazina hujaiona. Legio ya Maria (na simaanishi lile kanisa la Kenya lenye jina linalofanana, hii ni ile iliyoanza Dublin tarehe 7 Septemba 1921, huku kwetu Afrika Mashariki ikasambazwa sana na Edel Quinn aliyekuja 1936 akafia Nairobi 1944), hawa watu utaratibu wao ni kwamba kila wiki mwanalegio anapewa kazi, wanaenda wawili wawili, wiki inayofuata anasimama kwenye kikao anatoa ripoti na katibu anaandika. Kila wiki! Kwa hiyo bibi yako hakuwa katibu lakini yumo kwenye madaftari ya makatibu wote. Muombe rais wa presidiumu (kile kikundi chao cha Legio) kwa adabu, nenda na sukari kilo moja, kaa siku nzima usome. Na mtafute aliyekuwa anatembea naye, maana walikuwa wawili, yule mwenzake kama bado yupo hai ndo kitabu chenyewe hicho.

Ila jihadhari na chumvi. Nimeshasoma wasifu mmoja unasema marehemu alikuwa WAWATA tangu kabla ya uhuru. WAWATA ilianza mwaka 1972, si juzi tu 2022 walijaza uwanja wa Mkapa kusherehekea miaka 50? Na jumuiya ndogo ndogo nazo ni matunda ya maaskofu wetu wa ukanda huu miaka ya 1970. Kwa hiyo ujana wa bibi usiujaze mambo ya uzeeni. Ujana wake ulikuwa wa Misa ya Kilatini, padre kawapa mgongo, Kiswahili kimeingia altareni baada ya ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 mpaka 1965. Waulize wazee kama alikuwa bado anaimba Salve Regina (Salamu Malkia) akipalilia, wengi wa rika lake walibaki nayo kichwani bila kujua hata neno moja maana yake. Waulize pia kama alienda Songea mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika. Safari kama hiyo kwa mama wa kijijini ilikuwa habari ya mwaka mzima.

Kuhusu wagonjwa, hapa naomba usome polepole. Mabibi wa Legio na WAWATA huku kwetu ndo waliobeba mzigo wa UKIMWI miaka ya tisini. Dawa za kupunguza makali za bure zilianza kutolewa Tanzania mwaka 2004, kabla ya hapo kazi ilikuwa kuosha, kugeuza, kulisha uji, na kuchimba kaburi. Jirani anapita mbali, bibi anaingia na beseni. Na mikoa yetu mpaka leo iko juu, utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wana VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Hiyo kazi ya bibi iandike, iandike vizuri, ni kurasa tatu hiyo peke yake. LAKINI usitaje jina la mgonjwa hata mmoja, wala nyumba, wala "yule marehemu mwalimu wa karibu na kisima", kijiji chote kitajua ni nani. Wengine wako hai wanatumia dawa, wengine wameacha watoto wanaotafuta wachumba saa hizi. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na hata kama isingekuwepo, bibi mwenyewe alikaa na hayo majina miaka thelathini hakuyatoa, wewe utayatoa kwenye kijitabu cha Krismasi?

Ulanzi sasa. Jamani huyu mjomba. Kwanza muulize kwa upole, ada yako mjomba ililipwa na nini? Mimi nimekulia kwenye mianzi, mvua zikishakolea mtu anaamka alfajiri anaenda kugema, anarudi jioni tena kugema, mbeta (chombo cha mwanzi) begani, ukiwa bado mtogwa, yaani mtamu, hata sisi watoto tulikunywa, ukishakuwa mkangafu, mkali, ni wa wazee na ndo wenye hela. Mama mjane au mwenye mume mgonjwa angepata wapi tena pesa ya daftari? Bibi yako anaamka kabla ya jogoo, anasali, anaenda kwenye mianzi, anauza, Jumapili yuko benchi la mbele. Hakuna hapo cha kumchafua mtu. Mjomba anaona aibu ya ulanzi uliomsomesha. Kama alikuwa na kanuni zake (wengi walikuwa nazo, wa kwangu hakumuuzia mtu aliyeacha watoto na njaa nyumbani, na wakati wa Kwaresima hakuuza kabisa) ziandike na zenyewe, zinamwonesha kuliko sifa kumi.

Na paroko, msameheni bure. Misale ya Kiroma yenyewe, maelekezo ya jumla namba 382, inasema Misa ya mazishi iwe na mahubiri mafupi na isiwe ya kumsifu marehemu. Taratibu za maziko zinaruhusu mtu wa familia aseme maneno machache ya kumkumbuka baada ya sala ya baada ya Komunyo, kabla ya buriani, machache nimesema, si kurasa sita na salamu za kamati ya maandalizi. Ndo maana wengi wanasoma wasifu nyumbani kabla ya mwili kutoka. Pengine paroko angewaambia mapema na kwa lugha laini, hilo nakubali. Lakini mjomba naye nasikia alishika kipaza sauti kwa mikono miwili (hukuandika hivyo, nawajua tu wajomba).

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni Mmoraviani wa Tukuyu, nimeoa Mkatoliki wa Mbeya mjini. Mama mkwe alifariki mwaka jana, na watu wa kwao wananialika Novemba hii makaburini na kwenye Misa ya kumwombea. Kwetu hatuna desturi ya kuwaombea waliokufa. Nisipoenda ntaonekana simpendi mama, nikienda ntajisikia mnafiki. Alikuwa ananipenda sana yule mama, kila nikipita ananifungia maparachichi.
Mkwe, Tukuyu

JIBU: Nzuri kaka. Nenda. Kwenda si kusema ndiyo kwa kila kitu, wewe Mmoraviani na wamisionari wenu wako Rungwe tangu 1891, hakuna atakayekudhania umebatizwa upya kwa kusimama kaburini. Wenzako wanaamini kuna toharani na sala zinamsaidia marehemu, na kuanzia tarehe 1 mpaka 8 Novemba anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, akitimiza na masharti mengine ya kuungama na kukomunika, anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu zote za dhambi, ndo maana wanakazania siku hizo hizo. Wewe simama nao. Wakisali unaweza kumshukuru Mungu kimya kimya kwa ajili ya mama, hiyo haiko kinyume na chochote cha kwenu. Komunyo usipange foleni, hilo tu. Na nenda na jembe, kaburi la mwaka mmoja kwa mvua za huko lazima limetitia na majani yameota, mkwe anayepalilia kaburi la mama mkwe ataongelewa ukweni mpaka Pasaka.

SWALI: Anti, nataka kumtolea bibi yangu Misa mwezi huu lakini nimesikia kuna bei, na kuna Misa thelathini mfululizo ambazo ni ghali. Mimi nauza mboga Mwanjelwa sina hela hiyo. Bibi ndo alinilea.
Mjukuu wa Mwanjelwa

JIBU: Pole mdogo wangu. Hakuna bei. Kile unachotoa ni sadaka ya nia ya Misa, maaskofu wanapanga kiwango cha kawaida, lakini sheria ya Kanisa inakataa kabisa kitu chochote kinachofanana na biashara hapo, na mapadre wanahimizwa kusoma Misa kwa nia za waamini hasa maskini hata pasipo sadaka. Nenda ofisini, sema "sina, naomba bibi yangu akumbukwe", usijifiche. Hizo thelathini ni Misa za Gregori, ni siku thelathini bila kuruka kwa marehemu mmoja, ni desturi nzuri ila haina ulazima. Misa moja uliyohudhuria mwenyewe ukiwa umefunga meza ya mboga asubuhi nzima sio ndogo, nakuambia.

SWALI: Ukoo wetu umechanga tisheti zenye picha ya bibi kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, elfu kumi na tano kila mtu na watoto wamo. Bibi alikuwa mtu wa kujitolea, alilea yatima wanne, wawili bado wanasoma sekondari na ada wanadaiwa. Je ni sawa?
Mwana ukoo, Njombe

JIBU: Unajua jibu ndo maana umeandika. Peleka hoja kwenye grupu la ukoo hivi hivi ulivyoniandikia mimi, weka na picha ya barua ya shule inayodai ada, usiongeze neno. Tisheti mtavaa siku moja halafu itakuwa ya kupigia deki.

SWALI: Shikamoo Anti. Bibi yangu yuko hai, ana miaka 88, yuko Uyole. Ameuguza watu maisha yake yote, amefundisha watoto komunyo ya kwanza mpaka miguu ilipogoma. Nataka nimrekodi kwenye simu asimulie, lakini nikitoa tu simu anasema "kwani nshakufa?" anafunika uso na kitenge. Nifanyeje kabla hatujachelewa kama wengine?
Mjukuu wa kike, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu, wewe una bahati, hebu tulia. Kosa ni kumkalisha kama yuko polisi. Bibi hawezi kusimulia maisha, maisha ni kitu kikubwa, nani anaweza? Mpe kitu. Mletee ile Rozari ya zamani iliyokatika umwambie nataka nikairekebishe, ulipewa na nani hii? Mletee katekisimu yake muulize mtoto gani alikuwa mzito kuliko wote kushika amri kumi, atacheka, atakutajia na majina, na utashangaa mmojawapo ni diwani. Simu iweke pembeni ya chungu, mwambie ukweli kwamba inarekodi, usimwibie, akikataa siku hiyo zima, utarudi kesho. Akizoea haitamsumbua.

Kama unataka sababu ya kanisani, Papa Fransisko aliweka siku ya mababu, mabibi na wazee tangu 2021, Jumapili ya nne ya Julai, jirani na sikukuu ya Mtakatifu Yoakimu na Ana, babu na bibi yake Yesu. Lakini Julai bado ni mbali, na Uyole mwezi huo baridi kali. Nenda Jumamosi hii. Beba maharage mabichi ya kuchambua, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka, na keti chini kwenye mkeka upande wa sikio lake zuri.